Lori Lililokataa Kutoka Langoni

Habari za kifo chake zilinipata Nanyuki, nimesimama nje ya duka la vipuri nikingoja mvua ipungue. Binti yake ndiye aliyenipigia. "Anko, mama ametuacha," alisema. Mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba sikai mahali pamoja. Nimeishi Murang'a, nimeishi Karatina, nimeishi Nyeri mara mbili, na kila nilipohama niliacha watu ambao bado huwawaza ninapoketi peke yangu. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Niliwahi kuwa tanboi wake, nikipakia na kuteremsha kabichi na viazi, katika lori dogo la petroli lililotoka Tetu kwenda Nanyuki. Jina lake sitalitaja. Watu wa kwao watamjua.

Lori lilikuwa la mumewe. Mzee alipofariki walimzika karibu na lango, mahali alipochagua mwenyewe, na lori likakaa miezi mingi nyuma ya zizi limefunikwa turubai. Mama akajifunza kuendesha katika njia za majani chai, akiwa amejifunga kitambaa kichwani na kuutukana usukani. Siku alipoamua kulirudisha barabarani alimwita fundi wa pale kijijini abadilishe plagi, maana zile za zamani zilikuwa nyeusi kama masizi ya jikoni. Asubuhi iliyofuata tulipakia, tukawasha, na lori likaanza kumisi. Aliyewahi kupanda gari linalomisi anajua ilivyo: silinda moja inakataa kuchoma, injini inaruka pigo, na mwili mzima wa gari unashtuka. Tulipofika langoni, sambamba na kaburi, lilishtuka mara kadhaa likataka kuzima. Tukapanda kilima tukitetemeka hadi kituo cha majani chai, na hapo, bila mtu kugusa kitu, likatulia.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Lango la boma lile liko chini, karibu na mto, na ukungu unaoshuka kutoka Nyandarua hulala pale kama maji katika bakuli. Ungeweza kusimama hatua chache kutoka msalaba wa kaburi usiuone. Tulikuwa tukiwasha injini ndani ya weupe ule, na lori lingemisi, lingemisi, hadi tufike juu kituoni. Mjini Nyeri, jua likiwa limechomoza, halikuwa na tatizo lolote. Fundi wa gereji alizitoa plagi zote akazikagua, akahakikisha waya hazikuchanganywa, kisha akaacha injini ikinguruma huku akichomoa waya moja baada ya nyingine ili asikie silinda ipi imekufa. Zote zilikuwa hai.

"Mama, hii gari haina kitu," alisema akipangusa mikono. "Labda ni wewe hujui kupiga gia."

"Na wewe hujui kusikiliza," mama akamjibu. "Kuja ulale kwangu zizini, uamke na hiyo injini."

Hakuja. Lakini kijijini watu walikuwa wameshapata jibu lao. Walisema mzee hataki gari lake litoke. Walisema plagi alizoziweka kwa mkono wake hazikupaswa kuguswa. Wanawake waliokuwa wakituomba lifti siku za soko walianza kutazama pembeni tukipita, na mimi mwenyewe, nakiri, nilikuwa nikikaza macho mbele tulipolikaribia lile kaburi. Shemeji yake mama, ndugu mkubwa wa marehemu, ndiye aliyelishika neno hilo kwa mikono miwili. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi atakuja kuchukua funguo, lori likae kwake mpaka ukoo uamue. Sote tulijua maana yake. Ada ya binti, chakula cha ng'ombe, unga wa nyumba ile, vyote vilitoka kwenye lori. Likivuka kwenda kwa shemeji lisingerudi.

Katikati ya wiki ile tuliteremsha mzigo Nanyuki, na mama akataka lori lioshwe, kwa kuwa, alisema, kama linaondoka liondoke safi. Kijana wa kuosha magari alimwaga maji hadi ndani ya boneti. Tulipowasha, jua likiwaka, mbali kabisa na kaburi, lori likamisi. Mama alizima injini. Alikaa akitazama kioo cha mbele, midomo imebana. Kisha akashuka akayatazama maji yaliyokuwa yakidondoka chini ya boneti.

Jumamosi shemeji alikuja mapema, na koti lake zito na kofia ya kanisani. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba tulisikia fimbo yake kabla ya kumwona. Majani ya migomba yalikuwa yakidondosha maji, na ng'ombe, sijui kwa nini, walikuwa kimya.

"Hii gari iko na mwenyewe," alisema, hata salamu hakumaliza. "Na mwenyewe amekataa. Lete funguo, mke wa ndugu yangu, tusibishane na wafu."

"Mwenyewe ni mimi," mama alisema. "Lakini ngoja kidogo."

Aliingia ndani akatoka na blanketi, lile la sufu alilokuwa akilala nalo na mzee. Aliniambia niwashe na nikanyage mafuta polepole. Akainua boneti, akatandaza blanketi juu yake likawa kama hema, akaingiza kichwa gizani. Injini ilikuwa inaruka. Niliona mgongo wake ukikakamaa. Alipotoka, uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuuona.

"Shemeji, kuja uone."

Shemeji akainama, akaingia chini ya blanketi. Sijui alikaa humo muda gani. Alitoka bila kofia. Nilishuka nikachungulia na mimi: katika giza lile uzi wa bluu ulikuwa unatambaa juu ya chuma, unapotea, unarudi, ukilia tik, tik, kama kucha juu ya meza.

"Umeona nini?" mama alimuuliza shemeji.

"Si wewe umeona?"

"Mimi nimeona." Akauzungusha ufunguo, akazima, akamnyooshea. "Haya, chukua. Si umekuja kuichukua?"

Shemeji aliingiza mikono yote miwili katika mifuko ya koti. Mama aliendelea kumnyooshea ufunguo. Mwishowe shemeji alisema, "Kaa nayo tu," akageuka akaingia ukunguni, na kofia ikabaki kwetu.

Tulipofika kituo cha majani chai, lori limetulia, ndipo mama aliponiambia. "Ni waya ya tatu. Yule fundi aliivuta vibaya akibadilisha plagi, ikapasuka. Ikipata maji, moto unatorokea nje."

"Basi tununue nyingine Nyeri."

"Ya nini?" alisema.

Hakuibadilisha. Kwa miaka aliiacha waya ile imepasuka, na kila asubuhi ya ukungu lori lilishtuka langoni mbele ya majirani, na hakuna aliyekuja tena kudai funguo. Nyuma ya hofu hiyo alienda kortini Nyeri taratibu, akafuatilia urithi hadi karatasi zote zikawa zake. Lakini hofu haichagui wa kumtisha. Hakuna aliyempa kampani njiani kwenda kanisani. Watoto walinyamaza alipopita. Nimeona wajane wengi katika miji hii ya chini ya mlima wakinyang'anywa shamba, ng'ombe, hata vitanda, na ninajua kwamba yeye alishinda. Najua pia kwamba kila jioni alikula peke yake mezani.

Mara ya mwisho nilimpitia nikitoka Murang'a. Shemeji alikuwa ameshafariki. Mama alinimiminia chai akasema, "Nilibadilisha waya zote. Mpya kabisa."

"Sasa iko sawa?"

"Bado inamisi hapo langoni."

"Labda ni koili, ile inayotoa moto wa plagi," nikasema.

"Labda." Alitazama nje, ambako ukungu ulikuwa umeanza kuingia. "Siku hizi nikifika hapo naachilia mafuta kidogo. Mzee apande." Sikuona dalili ya mzaha usoni mwake, na chai yangu sikuimaliza.

Tulimzika kando ya mumewe siku ambayo ukungu haukuondoka hata adhuhuri. Watu walipokuwa wakitawanyika, mtoto wa yule shemeji alimsogelea binti. "Hii lori ni ya familia," alisema. "Baba aliiacha tu kwa sababu ya ile kitu."

"Ile kitu ilikuwa waya imepasuka," binti akajibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Mama aliniambia yote. Anko alikuwako, muulize. Na logbook ya lori mama aliiweka kwa jina langu." Yule jamaa alinitazama, nikaitikia kwa kichwa, akaenda zake bila kuaga. Binti akanigeukia: "Andika kwa gazeti. Mimi siogopi."

Kisha akaniambia nipande anipeleke stendi. Aliwasha. Tulipita langoni, kando ya makaburi mawili, ndani ya ukungu, na lori likapita laini, halikuruka pigo hata moja. Alifunga breki.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndio hiyo," alisema, akaweka kichwa juu ya usukani akalia kwa mara ya kwanza siku ile.

Wanaume wenzangu, andikeni majina ya wake zenu na binti zenu kwenye karatasi mkiwa hai na mikono yenu bado inashika kalamu. Mjane asilazimike kuazima mlinzi kaburini. Mlinzi wa namna hiyo akishaitwa, sijui ni nani humwambia aondoke.