Byamungu na Ushindi wa Buffalo

Byamungu alikuwa na sura ya upole, na sura hiyo iliwaponza wengi. Kwao Walungu, huko Kivu, alifundisha historia miaka kumi na minne, na mwanafunzi aliyemzomea darasa la kwanza alikumbushwa siku ya kumaliza la sita. Vita vikamfukuza, kambi ikamlea, Marekani ikampokea Louisville, mtaa wa Newburg, akabeba maboksi ghalani miaka miwili mpaka kiuno kikagoma. Akahamia Columbus, akapata kazi ya usafi kwenye chuo kimoja kidogo. Vyeti vyake vya ualimu vikalala kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro.

Mwaka 2014, akihamisha viti vibovu chini ya jengo, alikuta sanduku la bati nyuma ya mtambo wa kupashia joto. Ndani kulikuwa na barua za nahodha wa timu ya futiboli ya chuo, msimu wa 1915. Futiboli ya Kimarekani hiyo, ya mpira wenye umbo la yai, ambayo wenyewe huiita mpira wa miguu na miguu wanaitumia kukimbilia tu. Mechi nane, barua nane kwa mama yake. Byamungu alizisoma saa za chakula, kamusi ya Kiingereza na Kifaransa mkono huu, kopo la wali na sombe, kisamvu cha kwao, mkono ule. Ilimchukua miezi saba. Akajua nani alivunjwa pua, nani alitapika kwenye treni ya Louisville, na nani alificha soksi ya bahati asiifue hadi Desemba.

Kosa lake ni kumwambia Wolfgang. Kijana wa Moshi, Tanzania, anasomea shahada ya pili, naye chuo kilikuwa kimempa kazi ya kuandika kitabu cha miaka mia ya msimu ule. Ukipiga deki alipokaa, Wolfgang aliinua miguu bila kuinua macho. Siku aliposikia neno barua, macho yaliinuka yenyewe.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba." Ndiyo ilikuwa shikamoo ya kwanza tangu wajuane.

"Mimi vumbi linanikamata kifua, siwezi kushuka kule. Wewe nisimulie, mimi niandike. Jina lako litakaa kwenye jalada, sambamba na langu."

"Kwenye jalada?"

"Herufi kubwa, mzee. Wajukuu walione."

Bon, akakubali. Kila Jumatano mchana wakakaa kwenye chumba cha chai, na Byamungu akasimulia kama anavyofundisha, kwa mikono, mabega na nyusi. Alipofika mechi ya nne hata wapishi wa chuo, wasiojua neno la Kiswahili, walikuwa wanachungulia mlangoni.

Mechi saba zilipokwisha, Byamungu alimwaga pipa la taka la ofisi ya Wolfgang, akaona jalada la majaribio. Jina lilikuwa moja. Akageuza ukurasa wa shukrani, akashuka na kidole mpaka mstari wa mwisho: "Na wahudumu wote wa usafi, kwa kutunza mazingira yetu." Kamusi hakuihitaji.

Akampigia dada yake Dative, anayehudumia wazee huko Buffalo.

"Samehe, kaka. Umwambie Mungu."

"Mungu nitamwambia. Kwanza nenda maktaba ya huko kwenu, wakutafutie gazeti la Novemba 1915, lenye mechi ya nane, ya huko Buffalo."

"Miye niko naosha wazee, weye unanituma gazeti?"

Alikwenda. Jioni ikaja picha, na sauti ikicheka: "Kaka, iko hapa! Buffalo arobaini na moja, watu wako bila! Walichapwa sawa ngoma!"

Barua ya nane ilisema hivyohivyo. Byamungu akaitia kwenye mfuko wa ovaroli.

Jumatano ikafika. "Haya mzee, mechi ya mwisho. Buffalo tulishinda?"

Byamungu akakoroga chai taratibu. "Saba kwa sita, kijana yangu."

Akamwaga mambo. Theluji magotini, nahodha kavunjika mguu, kaufunga kwa mkanda wa suruali, karuka kwa mguu mmoja hadi mstari wa mwisho, wanawake wa Buffalo wanalia. Wolfgang aliandika mpaka kalamu ikakwama.

"Una hakika, mzee?"

"Uniombe barua, ninayo. Au shuka ulione sanduku."

Wolfgang akakohoa kwa kulifikiria tu lile vumbi. "Aa, nakuamini."

Sherehe ya kuzindua kitabu ilifanyika Oktoba, Jumamosi mchana. Wageni kutoka Buffalo walikaa mbele. Byamungu aliiomba zamu hiyo mwenyewe, akasimama mlangoni na ndoo yake. Wolfgang, ndani ya suti, akasoma kwa hisia, na alipofika kwenye mkanda wa suruali ukumbi ukapiga makofi.

Bibi mmoja wa Westerville, miaka themanini na tisa, akanyoosha mkono. Binti wa nahodha.

"Kijana, baba yangu hakuvunjika mguu maisha yake yote. Na Buffalo walimfunga arobaini na moja bila. Alitusimulia kila Novemba, kwenye karamu ya Siku ya Shukrani, mpaka bata mzinga anapoa. Haya umeyatoa wapi?"

Wageni wa Buffalo wakaangua kicheko. Wolfgang akafunua karatasi, akafunika.

"Kwenye barua zake."

"Umeziona?"

Wolfgang akatazama mlangoni, na kidole kikatangulia mdomo. "Byamungu! Yule pale! Byamungu ndiye aliyenisimulia!"

"Kipande hiki?"

"Chote! Kitabu chote!"

Jina likagonga dari kwa kipaza sauti. Byamungu akafuta mikono, akapita katikati ya viti, akampa bibi ile barua. Bibi akaisoma, akacheka huku analia, akamvutia kiti kando yake.

Jumatatu nakala mia nne zikapelekwa kutupwa, na kazi ya kutupa ni ya usafi. Byamungu akasukuma toroli ya kwanza hadi mlango wa nyuma. Wolfgang alikuwa amesimama pale, mikono mifukoni.

"Mzee, ulinifanyia makusudi."

"Ndiyo. Nishikilie mlango, kijana yangu, zimebaki toroli tatu."