Noko Wako, Pilote Kuku

Ile siku ya Mavivi, pale uwanja wa ndege wa Beni, sijaisahau hata kidogo, mwanangu. Kaa basi nikuelezee, na simu hiyo uiweke chini, maana najua kilichomo. Jana nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua majani ya sombe, nikakusikia chumbani unakariri namba kama mtoto wa katekisimu. Nikajua mara moja. Mwenzako amekutumia zile kurasa za madoa ya rangi anazoonyesha daktari wa marubani, pamoja na majibu yake, ili Jumatatu, ukienda kupimwa urubani, umwambie daktari kwamba unaona kile usichokiona.

Usinune, papa. Sikukuita nikupige. Nimekuita nikupe habari ya noko wako Kasereka, ndugu yangu wa tumbo moja, kwa sababu macho hayo uliyo nayo ni yake. Yalipitia kwangu. Mimi rangi zote naziona vizuri, lakini sisi wanawake ndio tunaoyabeba hayo na kuwapa wana wetu. Kwa hiyo kama una hasira juu ya macho yako, nikasirikie mimi, halafu unisikilize.

Alipokuwa mdogo, baba alimchapa sana kwa ajili ya kahawa. Shamba letu lilikuwa kule mteremkoni, chini ya Kipese. Sisi wote tulichuma zilizoiva, zile nyekundu, na yeye akaleta kikapu cha mbichi na mbivu pamoja. Baba akasema huyu ni mvivu. Mvivu gani huyo, aliyekuwa akiminya kila tunda kwa vidole ajue kama limelainika? Hakuna aliyeelewa, hata yeye mwenyewe.

Alikuja kuelewa akiwa mwanaume mzima, mbele ya daktari wa marubani. Daktari alimfungulia kitabu cha madoa. Wengine wanaona namba katikati, yeye akaona madoa tu. Sasa sikia. Rafiki yake mmoja aliyekuwa ameshapita akamwambia, "Miye nazijua zote mu kichwa. Nikufundishe leo, kesho uende kwa docteur mwingine." Kasereka akakataa. Wakamjaribu tena kwa taa ndogo za rangi kutoka mbali, nazo zikamshinda. Basi kwenye leseni yake wakaandika kwamba ataruka mchana tu, na asiongozwe na taa za rangi. Zile ndege kubwa alizoziota tangu utoto zikampita hivyo. Alilia, mwanangu, nilimuona kwa macho yangu.

Akarudi kwetu, akaendesha ndege ndogo kati ya Butembo, Beni na viwanja vya porini. Jua likianza kulegea, hagusi tena ndege. Watu wa Mavivi wakampa jina Pilote Kuku, maana kuku naye anaingia ndani mapema. Unafikiri alikasirika? Thubutu! Alikuwa akipita sokoni anapigapiga mikono kama mabawa, wamama wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nilimpenda sana kwa hilo.

Halafu vita. Barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, na mimi nilikuwa nimekwama Beni na mimba yako, kubwa kweli kweli, nataka kurudi kwangu nizae. Kasereka akaniambia nije Mavivi, atanipakia pamoja na magunia ya chumvi. Nilikuwa nimeshakaa ndani, mkanda nimeufunga chini ya tumbo, ndipo akafika commandant mmoja na basoda wake, askari wenye silaha. Akasema anataka kufika Butembo sasa hivi, na ndege haitoki bila yeye. Huko kulikuwa na mapigano karibu na uwanja, na redio ya uwanja ilikuwa imekufa. Lakini yeye alikuwa na phonie, redio ya jeshi, na alikuwa ameshapatana na watu wake: ndege ikifika juu, watarusha fusée, ule moto wa rangi unaopanda hewani. Ikiwa vert, ya kijani, mushuke. Ikiwa rouge, nyekundu, kuko masasi, risasi zinalia, murudi.

Kasereka akazima moteur, akashuka.

"Commandant, hiyo siwezi. Rouge na vert, kwa macho yangu ni kitu kimoja. Licence yangu inanikataza."

"Weye unaogopa! Ao uko mutu wa adui?" Na bastola ikatoka.

Ee Mungu wangu! Mlango wa ndege ulikuwa wazi, naona kila kitu, na wewe ndani unanipiga mateke. Yule commandant akavua bereti yake, nyekundu, akaitupa kwenye majani. "Hii ni rangi gani?"

Bereti zile kila mtu wa Beni alijua ni nyekundu, hata Kasereka alikuwa amezisikia zikisemwa. Angeweza kujibu kwa masikio tu. Akaitazama, akasema, "Naiona kama majani yenye iko chini yake."

Basoda wakaanza kucheka, kisha wakaacha, maana waliona mtu huyu hachezi.

"Bon, nitakaa mbele karibu yako. Miye nitakuambia rangi."

"Na ukipigwa sasi? Na ukisema vert sababu unataka tu kufika? Ndani kuko dada yangu na mimba. Hapana, commandant. Piga phonie, batafute mashuka mbili nyeupe. Kukiwa kubaya, bayatandike msalaba pale uwanjani. Kukiwa kuzuri, bayatandike mustari moja. Hiyo nitaiona miye mwenyewe."

Bastola ilikaa usoni pake mpaka nikaona nimekuwa mjane wa ndugu, kama kuna neno hilo. Kisha commandant akairudisha kiunoni, akaitisha phonie.

Tukaruka. Butembo ilikuwa na mawingu ya chini, kama kawaida yake. Fusée ikapanda, commandant akapiga kelele, "Vert! Vert! Shuka!" Mimi nyuma sikuiona, na hata leo sijui kama aliiona vibaya au ni moyo wake uliotaka iwe hivyo. Kasereka hakuigeukia. Alikuwa ameinama anaangalia chini, na pale kwenye udongo mashuka yalikuwa msalaba. Akageuza ndege bila neno. Nilipotazama dirishani niliona moshi kwenye mwisho wa uwanja, na watu wanakimbia.

Tulipotua Mavivi, yule commandant alibaki amekaa, jasho linamtiririka, kisha akamshika Kasereka mkono kwa mikono yake miwili. Wewe ulizaliwa wiki ile ile, nyumbani kwa shangazi yako kule Beni. Ndiyo maana karatasi zako zote zinasema Beni, na sisi ni watu wa Butembo.

Sasa nasaha yangu ni hii. Jumatatu uende kwa daktari, akufungulie kitabu, na pale usipoona namba useme "sioni." Siku hizi kuna vipimo vingine, vya kujua unaona kiasi gani, lakini nani atakupima kama umeshamdanganya? Labda watakupa leseni yenye mipaka kama ya noko wako. Labda watakukatalia kabisa, nawe utalia, na mimi nitalia pamoja nawe, kisha tutatafuta kazi nyingine. Ile sheria haikuwekwa kukudharau. Imewekwa kwa ajili ya yule anayekaa nyuma yako amefunga mkanda, ambaye hawezi kuuliza kitu.

Mimi nilipanda ndege ya mtu asiyeona rangi, na mimba yangu, na kesho akiniita nitapanda tena. Ndege ya mtu aliyemdanganya daktari sipandi, hata kama ni wewe, na wewe ndiye ninayekupenda kuliko wote.

Nyamuhanga, Mungu wetu, akupe ulimi usioteleza mbele ya kitabu kile. Akupe anga kama ni riziki yako, na kama siyo, akupe udongo wenye rutuba. Haya, inuka. Futa hizo picha nikiona.