Jicho la Samaki wa Chini

Kambini Kigoma, kabla sijajua kwamba kuna mji unaitwa Sydney, jirani yetu alikuwa bibi mmoja aliyechambua maharage ya mgao kwa kusikiliza. Ndiyo, kwa kusikiliza. Alidondosha punje moja moja kwenye kopo tupu la mafuta, na zile ngumu, zisizoiva hata uchemshe mpaka kuni ziishe, alizitambua kwa mlio. Mimi nilisikia mlio mmoja tu. Nikamuuliza, "Bibi, unasikia nini?" Akasema, "Zinazoiva zinaniitikia." Basi nikaenda zangu. Shule niliiacha mapema, vita ilipotukimbiza, kwa hiyo mengi ninayoyajua nilifundishwa na watu wa aina hiyo, watu wasioeleza.

Nilimkumbuka bibi yule siku yangu ya kwanza kazini, Wetherill Park, hukohuko Sydney, kwenye banda la samaki. Forman, msimamizi wetu, Mzungu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliniwekea samaki wawili wekundu mezani akaniuliza, "Meiti, rafiki yangu, hawa ni wamoja au tofauti?"

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha wakati ule, "Wako wawili, bosi. Si unawaona?"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanipeleka kuosha kreti. Akasema nitarudi mezani siku nitakayoona alichokuwa akiniuliza.

Niwaeleze ninyi vijana, maana leo mnamkuta samaki ameshakuwa minofu ndani ya plastiki. Wale wekundu wanatoka bahari ya baridi, huko nje ya pwani yetu, kwenye kina ambacho mwanga haufiki vizuri. Ni ndugu wa karibu sana. Mmoja anakaa juu kidogo, karibu na miamba. Mwingine anakaa chini zaidi, gizani. Banda zima tuliwaita "wa juu" na "wa chini". Wa juu ana mikanda ya rangi iliyokolea ubavuni, wa chini mikanda yake imefifia kama nguo iliyofuliwa sana. Lakini barafu hufifisha rangi ya kila samaki, na akishalala humo huwezi kuiamini tena. Kinachobaki ni jicho. Wa chini ana jicho kubwa zaidi. Unaweka kidole gumba juu ya jicho, kisha unakisogeza kwenye pua, unalinganisha upana wa jicho na urefu wa pua. Na uangalie miiba ya mgongoni, ina sumu, mkono utavimba kama andazi. Wanunuzi walitaka kila aina kwenye sanduku lake, na sanduku likichanganyika lilirudishwa na maneno mengi.

Kutoka kreti nikapandishwa chumba cha barafu, huko nikaharibu magoti, na kutoka huko nikafika meza ya kuchambua. Forman alipoondoka alikuja Supavaiza, mama wa Kikenya, mkali ila mwenye utani. Tukichelewa chai anasema, "Wazee, hao samaki wamekufa already, ni nyinyi mnaishi bado, songeni!" Ndiye aliyemleta Nestori.

Nestori alikuwa Mrundi mwenzangu, kijana wa Rumonge, wa ukoo wa wavuvi wa ziwani. Alikuwa na shida moja maishani, nayo alimwambia kila mtu: mama yake bado yuko kambini, karatasi zake zimekubaliwa, na yeye lazima awe na kazi ili apangishiwe nyumba ya kumpokea. Alikuwa na mikono myepesi kuliko yangu. Lakini masanduku yake yalirudi. Mara ya kwanza tukasema ni ugeni. Mara ya pili Supavaiza akaja mezani akasema, "Nestori, boksi ingine ikirudi utaenda home. Na sitaki kukufukuza, mama yako nimeshaanza kumuombea kanisani."

Nikamtazama akifanya kazi. Kila samaki alimlaza jicho likiwa chini, limegusa meza, halafu akampapasa mapezi na mikanda. Hakuwatazama usoni hata mmoja.

"Kijana, mbona unawafunika macho?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya, Muzee. Samaki wa kilindini haangaliwi jicho. Ukimwangalia sana anakushika sura."

"Anaishika anaipeleka wapi? Amekufa huyo."

"Ndiyo maana hairudi."

Sikucheka. Nilimwambia tu kwamba hapa alama iko kwenye jicho, hakuna nyingine, na mama yake anasubiri. Akamgeuza yule samaki mkononi, jicho likaja juu.

Tangu siku hiyo hakuna sanduku lake lililorudi. Akawa hodari kutushinda wote, hatumii kidole gumba, anatazama tu. Alikuwa anamwinua samaki mpaka karibu na pua yake, anatulia, anamweka mahali pake. Meza yake ikawa haina kelele. Hata feni za baridi nilikuwa sizisikii nikisimama kwake.

Halafu mambo madogo. Mlinzi wa geti, aliyekuwa akimtania kila asubuhi, akaanza kumdai kitambulisho, na akikipata anakigeuza geuza. Supavaiza akamwita kwa jina la mtu mwingine, akaomba radhi, akarudia. Siku moja wakati wa chai Nestori aliinua simu yake usoni ili ifunguke, ikakataa. Akavua kofia. Ikakataa. Akaniambia, "Muzee, hata simu hainitaki," tukacheka, akabonyeza namba za siri. Lakini nilipomtazama akicheka niliona kitu nisichoweza kukisema vizuri. Pua ni ile, meno ni yale. Ni kama alikuwa amefifia kidogo.

Mimi nilistaafu, vidole vilipokataa kukunja. Vijana wa hapa St Marys mnaniuliza kama kazi ile ilikuwa na maana, kusimama kwenye baridi kutenganisha vitu vinavyofanana. Ilinilishia watoto, nao siku hizi wananijibu Kiingereza. Ninachojua ni kwamba jicho likishazoea kutofautisha haliachi. Kanisani ninakaa nyuma, maana nikikaa mbele, nikitazamana na kwaya, ninawapima watu nyuso. Mke wangu ananikanya. Lakini mnachouliza zaidi ni habari ya Nestori, basi niimalize.

Nyumba alipangishiwa. Mama akaja. Nilikwenda naye uwanja wa ndege kumpokea, kwa gari langu. Mama akatoka, mfupi, kitenge kipya, mkononi ameshika picha ya mwanawe. Nestori akakimbia akapiga magoti mbele yake. Mama akaweka kiganja shavuni mwake, akamtazama kwa muda mrefu, akaitazama picha, akamtazama tena. Kisha akaniuliza mimi, kwa heshima kabisa:

"Baba, mwanangu mwenyewe yuko wapi?"

"Mama, si huyu hapa?"

"Amefanana naye sana. Hata sauti ni yake." Akaondoa mkono. "Lakini siye."

Nikaanza kusema habari za safari ndefu, za uchovu, za miaka. Nestori hakubisha. Alimtazama mama yake machoni, kisha akainuka, akasogeza mizigo ya mama karibu na miguu yangu, akanipa ufunguo wa ile nyumba. Mkono wake ulikuwa baridi. Akatembea taratibu kuelekea kwenye treni, watu wakampisha bila kumwangalia, na hajarudi tena.