Walioshindwa Mbio Walete Kamba

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni, akaniomba kamba. Nikamwuliza kamba ya nini. "Mwalimu amesema walioshindwa mbio walete kamba. Siku ya mapainia sisi ndio watumwa." Ana miaka sita. Alisema hivyo huku anachokora muhogo kwenye majivu, utadhani ameagizwa chaki.

Sikumpa. Asubuhi yake nilikwenda mwenyewe, mtoto mchanga mgongoni, nikamkuta mwalimu anapiga mistari ya chokaa uwanjani. Nikamwambia mwanangu hafungwi kamba na mtu. Akacheka. "Eh, mama, hii iko muchezo tu. Hata wewe ulicheza." Ndiyo, nilicheza. Ndiyo maana nilirudi nyumbani nimewaka, na ndiyo maana nakuandikia wewe, rafiki yangu, uliyekaa dawati lile lile au dawati ndugu yake.

Unakikumbuka kiangazi chetu cha Kasongo? Asubuhi baridi inauma vidole, saa sita vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye meno. Mpunga umekwisha kuvunwa, kila ua unatwanga, na harufu ya mchele mpya na mawese inakufuata mpaka darasani. Ndio ulikuwa msimu wa michezo. Wavulana wa sekondari ya mapadri walicheza mpira, sisi wa shule ya watawa tulipewa mbio. Kabla ya kukimbia tulifyeka uwanja kwa kupekupe, yale mapanga ya kufyekea, tukaokota mawe, tukabeba maji ya kutuliza vumbi ili Bwana Mkubwa wa serikali asikohoe. Nilikuwa na mbio mimi. Jirani yetu alizoea kusema, "Huyu mtoto akitumwa chumvi, anarudi kabla mboga haijajua."

Lakini hakuna aliyekimbilia kikombe. Kikombe kilikuwa cha bati. Tulikimbia kwa sababu ya siku ya mapainia, siku ya kufunga msimu, ambapo shule nzima iliigiza mbele ya nguzo ya saruji ya ukumbusho wao jinsi Wazungu wa kwanza walivyofika kuukomboa mji. Waliofungwa kwenye mpira walivikwa vilemba, wakapakwa masizi, wakawa Waarabu wa kufukuzwa uwanja mzima na kupigwa teke la kweli. Wasichana walioshindwa mbio walifungwa kamba wakawa watumwa. Walioshinda walikuwa askari wa mapainia, na malaika.

Tuligawanywa Wekundu na Bluu. Mtawa alisema anagawa kwa kura. Basi eleza wewe: kwa nini sisi wa mtaa wa Waungwana, watoto wa Waislamu tuliopewa majina ya watakatifu mlangoni mwa shule, kila mwaka tuliangukia Bluu? Kura gani hiyo inayojua mtaa wa mtu? Nilishuku. Nikashuku na njia yetu, ile iliyozunguka kichuguu kwa nje. Siku moja wakati wa kufyeka nikaipima kwa nyayo, kisigino kwa kidole, kisha nikapima ya Wekundu. Yetu ilizidi nyayo kumi na moja. Mwalimu wa mazoezi akaniona. "Unahesabu nini, wewe? Unataka kununua uwanja?" Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwaka ule nilishindwa kwa nyayo tatu.

Na historia nayo niliishuku. Darasani tuliambiwa kwamba kabla ya mapainia hapa palikuwa pori tupu na minyororo. Nyumbani nyanya yangu, mama wa baba, aliyenilea, alisema hapa palikuwa mji: watu walikula wali kwa sinia, wakavaa kanzu, na yeye mwenyewe alikuja mtoto, kwa heshima zote, pamoja na jamaa yake kutoka upande wa Ujiji. Mtaa mzima ulimwita Mama Mungwana. Alikaa na mgongo ulionyooka, hakuwahi kula hadharani. Lakini akitwanga peke yake alihesabu mapigo ya mchi kwa maneno ambayo si Kiswahili. Nikimwuliza, "Nyanya, hiyo ni lugha gani?" anasema, "Ni ya mpunga." Lugha ya mpunga! Watawa wananidanganya huku, nyanya ananidanganya huku, nami katikati na kalamu yangu.

Siku ya mapainia ikafika. Tulikuwa Bluu tisa, mimi mdogo kuliko wote. Mwalimu wa mazoezi alitupanga mstari, akatufunga mikono nyuma, akapitisha kamba ndefu shingo kwa shingo. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Wazungu kwenye viti. Nyanya alikuja kwa sababu baba, fundi cherehani, ndiye aliyeshona jezi za timu, na alitaka mama yake azione. Tukaanza kutembea huku tunalia kilio tulichofundishwa, "Ole wetu! Ole wetu!" Wavulana wa masizi wakatupiga fimbo za hewa.

Nikaona nyanya anainuka. Nilidhani anakwenda haja. Akavuka chokaa, akapita mbele ya Bwana Mkubwa bila kumwangalia, akafika kwangu, akaanza kufungua fundo la shingoni kwa meno. Mwalimu akakimbia. "Mama, mama! Unaharibu mustari!"

"Nyie ndio mumeharibu," nyanya akasema, si kwa sauti kubwa. "Mutoto hafungwi. Unafunga mama yake, yeye atafuata mwenyewe. Na mikono haifungwi nyuma. Mukifunga mikono, muzigo atabeba nani?"

Akawafungua wengine mikono, mmoja mmoja, akawaacha na kamba ya shingo tu. Mimi akaniweka pembeni ya msichana aliyekuwa mkubwa kwetu, akanishikisha kitambaa chake. "Vile," akasema. Kisha akarudi mkekani akakaa, mgongo umenyooka.

Mapadri hawakuelewa, walidhani ni kikongwe amechanganyikiwa na jua. Lakini wanawake wa mtaa walielewa mara moja. Mtu wa Ujiji aliyekuja kwa heshima zote, habari hizo za kamba alizijulia wapi?

Kuanzia siku ile hakuna aliyemwita Mama Mungwana. Hawakumtukana, hapana, watu wetu wana adabu. Walianza tu kumwita "mama yake fundi." Kwenye harusi walimtengea sahani ya peke yake, yeye aliyekuwa wa kwanza kutia mkono siniani. Mimi shuleni nikawa Mjukuu wa Kamba. "Mjukuu wa Kamba, njoo uanike nguo!" Nilipigana, nikachaniwa gauni, nikapigwa na watawa kwa kuchaniwa. Na nilimchukia nani? Nyanya. Nasema kweli, nina aibu nayo mpaka leo: nilimchukia yeye.

Naye akabadilika. Miaka yote alikuwa ameufunga mdomo, sasa alitaka jambo moja tu, kwenda kuona kwao. Akamwambia baba wazi: alichukuliwa upande wa Kabambare, umri wangu au pungufu, akifuata kamba ya mama yake, na mama alibaki njiani. Kulikuwa na kijito, na jiwe kubwa la kusagia juu yake. Angeliona tu angelijua. Kiangazi kilichofuata timu ya sekondari ilikwenda kucheza Kabambare, na baba, kwa sababu ya zile jezi, akaomba nafasi mbili kwenye kamio, lile lori la misheni. Mimi nilitumwa nimshike mkono.

Tuliondoka alfajiri, tumebanwa na wachezaji, magunia ya mchele na kuku wawili wa padri. Njia ya kupitia Wamaza ilitutupa juu na kutupokea kwa mbao. Nyanya hakulalamika. Alitazama kila kijito.

Kabambare, kabla ya mechi, tulizunguka tukiuliza wazee. Ndipo nilipokisikia Kibangubangu chake, lugha ya kule, ile ile ya mpunga. Kilikuwa cha mtoto. Lugha yake ilisimama siku aliyochukuliwa, haikukua tena, kwa hiyo mwanamke wa mvi alisema kama anavyosema mtoto anayeomba kubebwa. Wazee wawili walicheka. Wa tatu hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza habari za lile jiwe, kisha akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Wale batu, mama? Bula Matari, serikali ya Wazungu, aliwatoa kule, akawapanga kando ya barabara, walime pamba karibu na macho yake. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, ikawapata. Waliobaki walitawanyika. Kule sasa iko pori tu."

Pori tupu. Kumbe watawa hawakukosea maneno, walikosea tu nani alilifanya pori. Nyanya alimshukuru mzee kwa mikono miwili. Hakulia. Akasema, "Twende tuone huo mpira tuliokuja nao."

Tukakaa upande wa Kasongo, mahali petu. Mechi ilikuwa ya kuviziana, mpira unapotea kwenye vumbi, mwamuzi ni padri wa Kabambare, nami nilimshuku tangu filimbi ya kwanza. Karibu na mwisho Kabambare wakafunga. Upande wetu kimya kabisa. Na katika kimya hicho nyanya yangu akainuka, akapiga vigelegele. Virefu, vya harusi. Ng'ambo wanawake wa Kabambare wakashangaa kidogo, kisha wakamjibu, naye akawajibu tena.

Nilitamani ardhi inimeze.

Tuliporudi kamio ilikuwa na hasira. Tulikuwa tumefungwa, na wote walijua wavulana hawa watavaa vilemba na masizi. Mwishowe nahodha akageuka. "Nyanya, wewe uko wa upande gani?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza mutu kuniuliza," akasema.

Wakacheka, wakarudi kwenye hasira yao. Lakini yeye alichukua swali lile kwa dhati. Akaanza kujibu. Akiwa ameegemea gunia, uso umegeukia kwangu, alitaja jina la kijiji, la mama yake, la baba, la ndugu zake waliokuwa nyuma yake na mbele yake, la kijito, la mbuzi hata. Alitaja polepole, kama mtu anayempa mwenzake vitu mkononi kimoja kimoja.

Nilifumba macho. Sikuwa na usingizi. Nilijifanya nimelala ili wachezaji wasidhani nasikiliza, wasidhani ni habari zangu. Injini ilimeza nusu, na nusu nyingine niliiacha ipite kwa makusudi. Alifariki masika yaliyofuata, akazikwa kwa heshima kwenye makaburi ya Waungwana.

Nimesoma mpaka sekondari. Naweza kukutajia mapainia wote kwa mpangilio, na vyeo vyao, na nani alivuka mto gani. Majina aliyotaja nyanya nimebaki nayo mawili: jina la mama yake, na jina la mbuzi. Na hata hayo siwezi kukuapia lipi ni la nani.