Bundi Aliyehamia Kwetu

Mama mkwe wangu alikuwa anakohoa tangu palizi ya pamba, na alikataa katakata kwenda hospitali Bariadi. Sababu yake ilikuwa bundi. Kila jioni ndege huyo alilia juu ya paa la ghala letu pale Kasoli, na mama mkwe alikwisha kuamua kwamba yeye ndiye anayeitwa kaburini. "Aliyeitwa hatibiwi," alisema, akageukia ukutani.

Mimi sikuumbwa kunyamaza, na bundi yule nilijua alikotoka. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao, wakigombea mzigo mpaka milangoni mwa watu, na kila familia ikataka shamba kubwa zaidi. Mume wangu akafyeka ngitili, lile eneo la malisho tulilokuwa tukilifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Migunga yote ikaangushwa. Wiki ile ile bundi akahamia kwetu.

Jioni moja nikamfunika mama mkwe kanga ya pili mabegani. "Mayu, mama yangu, twende ukasikilize," nikamwambia. Alinuna, lakini aliinuka.

Tulikwenda polepole, akisimama kukohoa. Jua lilikuwa limeshazama. Ndege kirukanjia mmoja aliyelala katikati ya njia aliruka, akatua hatua chache mbele, akaruka tena, kama kuku asiyetaka kuingia bandani. Bondeni ndege wengine, chekeamwezi, walianza makelele yao. Tulipofika kwenye visiki vya migunga, nikamsimamisha. Hapo palikuwa kimya.

"Zamani hapa walilia bundi wangapi?"

"Wawili. Walikuwa wakiitikiana."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Na nani alikufa?"

Aligusa kisiki kimoja kwa ncha ya mguu.

"Yule hakuiti wewe, Mayu. Tumemkatia mti, anatafuta pa kukaa."

"Na nikifia huko hospitali?"

"Utakuwa umekufa kwa kifua, si kwa ndege."

Alicheka mpaka kikohozi kikambana, nikamshika mkono. Nilijiona wakili aliyeshinda kesi. Mara, kutoka upande wa nyumbani, bundi akalia. Tulisimama vilevile, mkono wake mkononi mwangu, mpaka akanyamaza.

"Haya," alisema. "Kesho nitakwenda."

Alilazwa miezi miwili. Aliporudi, mashavu yamejaa na gauni linambana, majirani walikuja kumpa pole nami nikawasimulia jinsi nilivyomshinda kwa hoja. Nilisimulia kwa madaha, visiki na yote. Aliniacha nimalize, akangoja wageni waondoke.

"Habari za mti wala sikuziamini, mwanangu," aliniambia. "Bundi alipolia, mkono wako ulitetemeka kuliko wangu. Nikasema, kumbe huyu naye anaamini nitakufa, na bado hataki kuniachia."