Sentensi Niliyoitunga Juu ya Papa

Sentensi ile niliiandika mimi. Nilikana kwa zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo nikisikia harufu ya wino wa muhuri napandwa na hasira, nyingi yake juu yangu mwenyewe.

Papa, baba yangu, alikuwa karani bandarini hapa Kalemie. Hata ngazi ya jirani aliiomba kwa barua yenye muhuri na nakala mbili. Lakini Mpala, kwao Mama, hakuwahi kwenda na wazee wake kumwomba binti wa watu. Huko mwanamume wa namna hiyo ni mgeni tu. Hata mkewe akifa, atakaa msibani pamoja na wapita njia. Kila Mama alipomkumbusha, alijibu, "Mwaka kesho."

Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni "formally". Akaeleza kwamba ni kutenda jambo kwa utaratibu wake, mbele ya wanaohusika. Si kuvaa tai tu. Kila mmoja atunge sentensi. Nikatunga, tena kwa majivuno: Papa hajamwoa Mama "formally". Mwalimu akaisoma kwa sauti. Darasa zima likaangua kicheko, na jioni habari ikafika nyumbani.

"Ni wewe uliandika?" Papa akauliza.

"Hapana, Papa. Ni mwalimu njo alitunga."

Papa akamwandikia prefe, mkuu wa shule yetu, kulalamika. Mihuri mitatu. Jumapili mwalimu akasimama sebuleni kwetu, koti likimbana, akaomba msamaha kwa sentensi iliyokuwa kweli tupu. Papa akaupokea kwa hotuba. Mama, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni, alinitazama mara moja tu.

Nilidhani nimeokoa heshima ya nyumba. Ilinichukua chuo kikuu na mvi kuelewa kwamba aliyeombwa msamaha siku ile siye aliyekosewa.

Mwaka huu Mama alipoanza kuugua, nilimwandikia Papa kwa mtindo wake mwenyewe, nakala kwa Mama. Nikakiri. Nikaongeza kwamba akimzika Mama huku yeye Papa bado ni mgeni kwa wakwe zake, mimi nitakaa upande wa wajomba.

Wiki tatu baadaye simu ikalia. Alikuwa Mama, yuko Mpala.

"Papa yako iko hapa na wazee wake. Amesimama mbele ya kaka zangu, kofia mukononi, anatetemeka kama mutoto wa shule!" Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe, nilijua tangu siku ile. Sasa mimi niko muke wa muntu. Mutafute yule mwalimu."