Dira ya Hamud

Mwaka 1981 Hamud alirudi Kariakoo kwa likizo na katoni ya sabuni, ambayo madukani ilikuwa imeadimika. Mama yake, Bi Mauza, hakuitazama. Alikuwa amesikia kwamba meli ya mafuta anayofanyia kazi mwanawe huko ng'ambo haiendi popote, inazunguka tu, naye akaapa hatamruhusu kurudi melini mpaka ajue swala zake zinaelekea wapi.

"Kibla unaijuaje?"

"Mama, meli imefungwa mbele tu, kwenye pua yake, kama mbuzi wa Idi. Mafuta yanapanda kwa bomba kutoka chini ya bahari, tunayatenganisha na maji na gesi, yanakaa matangini mpaka meli nyingine ije kuyachukua. Upepo ukigeuka, nasi tunageuka."

"Katikati ya swala?"

"Inageuka polepole. Kabla ya takbira naangalia hii." Akatoa dira mfukoni. "Mpishi wetu ananiita Shehe Upepo."

Mauza akacheka, akamruhusu.

Miaka mitatu baadaye Hamud alifariki kwa homa, nyumbani, mikononi mwa mama yake. Mauza akampa mwanawe mwingine, Abdulla, ile dira aende nayo makaburini.

"Tumemlaza sawasawa, Mama," Abdulla alisema aliporudi.

"Alhamdulillahi," akajibu Mauza. Huko hakuna upepo wa kumgeuza.